Siku Niliyofunga Mdomo kwa Halua

Nyie vijana mliopewa filimbi juzi, ziacheni kwanza shingoni zipumue, mnisikilize. Nimeambiwa nikuandikieni habari za kazi yangu ya kufundisha mpira wa pete hapa Jadida, Wete, na nimekubali kwa sharti moja: msinisahihishe. Mie shule niliiacha mapema, na herufi zangu ni kubwa kubwa kama maandazi ya Ramadhani, lakini kusoma zinasomeka. Mkiona mahali nimepiga kelele, jueni ndivyo ninavyozungumza.

Nimefundisha wasichana tangu wale wa kwanza, ambao sasa wanaitwa Bi Fulani na wana wajukuu, mpaka wajukuu wenyewe nikawafundisha. Vikombe ninavyo. Vimepangwa juu ya kabati, kimoja mjukuu wangu amekitia maua ya plastiki na kimoja nakiwekea sindano na uzi. Lakini hicho sicho ninachojivunia. Ninachojivunia ni kwamba wasichana wangu wote, mpaka leo wakiniona sokoni, hunitukana. Wananitukana kwa mapenzi, mbele za watu, na muuza samaki anashika mdomo. Mkifikia hapo na nyie, mtajua mmefundisha.

Sasa najua mmeshashtuka. Mmehudhuria semina, mmeambiwa kocha asitukane. Kweli kabisa, asitukane. Nitakuelezeni, msikimbie.

Aliyenitia kwenye mchezo huu alikuwa Mwalimu Asha, Mungu amrehemu. Mie nilikuwa nafagia skuli, yeye anafundisha, na jioni alikuwa akiwachezesha watoto wa kike nyuma ya madarasa. Siku moja alipungukiwa na mtu, akaniita na ufagio wangu mkononi, akanambia simama pale, mpira ukija udake. Niliudaka. Sikurudi tena kwenye ufagio siku ile, na mwalimu mkuu alikasirika kwa uchafu wa uwanja mpaka kesho yake.

Mwalimu Asha sauti yake ilikuwa laini kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Hakutukana mtu maisha yake yote. Lakini alinifundisha jambo moja ambalo mpaka leo sijaona semina iliyolisema vizuri kama yeye. Alisema, "Sauti yako ifike kabla ya mpira." Basi. Ukipiga kelele mpira ukishapotea, huko si kufundisha, huko ni kulia msiba. Mchezaji anataka neno wakati bado anaweza kulitumia. Na neno hilo lianze na jina lake, tena jina fupi, maana mpira haungojei.

Hapo ndipo yalipoanza majina. Fikirieni nyie wenyewe. Una mchezaji anaitwa Rukia binti Juma, una Rukia mwingine, na una Ruzuna. Ukiita "Ru" wanageuka watatu. Nikaona kila mmoja nimpe jina la kiwanjani, la peke yake, linalotokana na anavyocheza. Rukia wa kwanza mikono yake ilikuwa imetoboka, kila mpira unapita katikati, nikamwita Pakacha. Rukia wa pili alikuwa anawaka robo ya kwanza halafu anazimika, nikamwita Kibatari. Ruzuna alikuwa ukimkaribia tu anakuponyoka na kukuacha umekasirika, huyo Ngisi. Na Zuhura, mjukuu wangu wa damu, nilimwita Mke Mwenza kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake, maana babu yake alikuwa akimpenda kuliko mie na minofu yote ya samaki ikienda kwenye sahani yake.

Basi ukipita jioni Jadida ungenisikia. "Pakacha, nani kakusuka mikono hiyo, mlevi?" "Kibatari, mafuta yamekwisha tena?" "Mke Mwenza, wali wa mume wangu umeujaza tumboni, sasa kuruka huwezi."

Lakini haikuwa ya upande mmoja, na hapa ndipo ninapotaka mfungue masikio. Mazoezi yakisha, tulikuwa tunakaa chini duara, tunakunywa maji, na hapo ilikuwa zamu yao. Tuliita kurudisha chenji. Mie nimekulipa neno kiwanjani, weye una haki ya kunirudishia chenji yangu, na mie sina ruhusa ya kununa. Wallahi walinichambua. Kwamba nikikimbia buibui langu linafika kabla yangu. Kwamba napuliza filimbi kama napuliza moto wa kuni mbichi. Ngisi alikuwa anaigiza mwendo wangu mpaka majirani wanatoka nje kutazama.

Na ilikuwa humo kwenye chenji nilipojifunza mpaka wa maneno, si semina. Kulikuwa na msichana mfupi, mlinzi hodari, nikamwambia siku ile kwamba anamkaba mwenzake kiunoni kwa sababu kichwani hafiki. Jioni zamu yake ilipofika akanitazama akasema, "Bibi, Pakacha umemwambia mikono, kesho atakunja vidole. Mie kimo changu nitakirekebisha vipi mpaka kesho?" Wenzake walicheka, na mie nikacheka, lakini neno lake nikaenda nalo nyumbani. Tangu siku hiyo ndicho kipimo changu. Neno ninalomwambia msichana liwe juu ya kitu anachoweza kukibadilisha kesho. Uvivu, kuchelewa, kiwiko, macho yanayotazama jukwaani. Kimo, rangi, meno, baba yake nani, mama yake kaachwa au hakuachwa, hayo si ya kocha. Hayo hata jirani hayamhusu.

Msidhani kila mtu alikuwa anajua hivyo. Kulikuwa na kocha mmoja, simtaji, ameshaacha kazi. Huyo alimwambia msichana wake mbele ya uwanja mzima kwamba mama yake alikimbiwa na mume kwa uzembe na yeye kamfuata mama yake. Mtoto yule alivua kizibao cha namba, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya benchi, akaenda zake. Hakucheza tena. Nilimtazama akiondoka na nilitamani nimpige yule kocha na mlingoti wa goli.

Kwa hiyo ofisi ya michezo ilipoita makocha wote ikatusomea kanuni mpya, kwamba kocha atakayetumia lugha chafu kwa mchezaji atatolewa, mie nilipiga makofi kuliko wote. Nilipiga makofi mpaka bangili zikalia. Bi Salha, binti mdogo aliyekuwa mkubwa wa michezo wa wilaya, mwenye miwani na kalamu nyuma ya sikio kama fundi seremala, alinitazama akatabasamu.

Mwezi haukwisha, kanuni ile ikanikamata mie.

Ngoja, kabla ya hapo nikwambieni habari ya karafuu, maana bila hiyo hamtafahamu kwa nini timu ile ilikuwa nzuri. Mwaka ule karafuu zilizaa mpaka miti ikainama. Watu walianika kila mahali, barabarani, uwanjani, juu ya mapaa. Kiwanja chetu nacho kikafunikwa majamvi. Mzee Hamadi, jirani, alikuwa ameanika karafuu zake kutoka mlingoti hadi mlingoti na amekaa kitini anazilinda na mjeledi wa kufukuzia mbuzi. Nikamwendea. Nikamwambia, "Mzee wangu, fainali zinakuja, watoto watacheza wapi?" Akasema, "Wacheze wanavyotaka Bi mkubwa, lakini karafuu yangu moja ikikanyagwa, utaninunulia gunia."

Basi tukacheza pembezoni, katikati ya majamvi, kwenye vijia vya kupita mguu mmoja. Kukimbia hakuna, ni kurusha na kudaka tu. Na ukiangusha mpira juu ya jamvi, karafuu zinatawanyika, na weye unapiga magoti unaziokota moja moja mpaka Mzee Hamadi aridhike, na yeye haridhiki upesi. Mnajua nini? Pakacha aliacha kuwa pakacha. Zilipoanuliwa karafuu zile, wasichana wangu walikuwa wanadaka mpira kama mama anavyodaka mtoto anayeanguka kitandani. Kama hamna karafuu huko kwenu, anikeni mpunga, anikeni dagaa, anikeni chochote cha mtu mkali.

Sasa Mwanakombo.

Mwanakombo alikuja kutoka kisiwa cha Fundo kusoma Wete, akakaa kwa shangazi yake hapa Jadida. Mrefu, kimya, mkono wake haukosei. Alikuwa akisimama chini ya pete mpira unaingia kama unarudi nyumbani. Lakini hasemi. Ukimsalimia anajibu kwa macho. Mie nikamwona mpole, mgeni, kaacha mama yake ng'ambo ya maji, nikasema huyu nitamshika kwa mikono miwili kama yai. Kila akifunga namwambia, "Ahsante mwanangu." Akikosa, "Si kitu mwanangu." Jioni kwenye chenji anakaa pembeni anachora mchanga kwa kidole, zamu yake inapita, hatumsumbui, msimu baada ya msimu.

Tukaingia nusu fainali, na refa alikuwa kijana mgeni, katokea bara, mtu wa haki, hacheki. Mie siku hiyo nilikuwa katika hali yangu. Kibatari alizimika robo ya pili nikamwuliza mafuta ni ya nani anayaiba. Mke Mwenza nikamwambia wali wa mume wangu utautapika leo. Tukashinda. Tulipomaliza kupeana mikono refa alishakwenda kwa Bi Salha na karatasi.

Nikaitwa mie na timu nzima, kwenye chumba cha skuli, fainali ikiwa mlangoni. Refa alisoma maneno yangu yote kwa Kiswahili chake kizuri cha taarifa ya habari, na wallahi yakisomwa namna ile hata mie niliyaogopa. "Kocha alimtuhumu mchezaji kwa kula chakula cha mume wake." Zuhura akafukia uso kwenye mtandio, mabega yanamtikisika. Nikaeleza kwamba huyu ni mjukuu wangu, na mume ni babu yake. Refa akafuta mstari mmoja, kwa adabu, akasema lakini yale ya wizi wa mafuta yapo.

Bi Salha akawauliza wasichana kama maneno yangu yanawaudhi. Wakacheka. Pakacha akasema yeye jina lake ataliandika kwenye kadi ya harusi. Ngisi akainuka kuonesha ninavyotembea, nikamkalisha.

Hapo Bi Salha alifanya jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka leo. Hakucheka nao. Aliweka kalamu mezani akasema, "Wanaocheka nimewasikia. Mtu anaweza kucheka kwa mazoea, akakosa hata kujua kama anaumia. Namtaka asiyecheka." Akamtazama Mwanakombo, kwenye kona, kainamisha kichwa, machozi yanamdondoka juu ya mikono.

Kanuni ilikuwa wazi: mchezaji mmoja akisema kaumizwa, natolewa, na timu bila kocha haichezi fainali. Zuhura akanivuta kanga, ananinong'oneza nimwambie Mwanakombo aseme kwamba ni mzaha tu. Nikamtoa mkono. Miaka yote nimewaambia kila mmoja ana haki ya kurudisha chenji. Sasa anayerudisha kaja na noti kubwa, nitamziba mdomo? Nikasema, "Sema mwanangu. Sema lolote. Hata kama ni juu yangu, liseme lote."

Bi Salha akamwuliza taratibu, Bibi amekwambia neno gani?

Mwanakombo akafuta uso. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wetu kusikia sauti yake ikitoka nzima. "Hajanambia neno," akasema. "Ndilo hilo. Wenzangu wote wana majina. Wote anawapigia kelele. Mie naambiwa ahsante mwanangu, si kitu mwanangu, kama mgeni aliyekuja kula arusi. Misimu yote hii n'nakaa kwenye chenji, sina cha kurudisha, kwa sababu sijapewa kitu."

Nyie, nilitaka ardhi ipasuke na nilitaka kuruka kwa furaha, vyote pamoja. Pakacha ndiye aliyeanza kulia, halafu Kibatari, halafu chumba kizima, na refa akawa anatafuta kitu kwenye mfuko wake ambacho nadhani hakikuwemo.

Bi Salha alivua miwani akaifuta. Akasema yeye ameelewa, na baada ya mashindano atakaa na makocha wote kanuni iandikwe vizuri zaidi, itenganishe kuumiza na kukaripia. Lakini kwa sasa kanuni ni ile ile, na refa wa fainali ni yule yule, na neno moja tu kutoka kwangu likiandikwa, timu inatoka. "Bi mkubwa," akanambia, "siku ya fainali nakuomba ukae kimya." Alikuwa na haki. Sikubishana.

Njiani kurudi Mwanakombo akatembea karibu yangu, jambo ambalo hajawahi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa jina langu n'nani, Bibi?" Nikamwambia jina haliagizwi kama kanzu. Linakuja lenyewe, kiwanjani, mtu anapofanya jambo lake. Nikamwona kaudhika. Nikafurahi kumwona kaudhika.

Tatizo likabaki mdomo wangu. Mnaonijua mnajua. Mie mdomo wangu ni bomba bila koki, nikiufungua kusema "leteni maji" yanatoka na mengine. Nikafikiri nikae nyumbani, wasichana wakakataa kata kata. Nikafikiri nijaze mdomo kwa tambuu, lakini tambuu unatafuna na kutema, na katikati ya kutafuna na kutema neno linapita. Ndipo nilipokumbuka halua. Halua ya Wete, nzito, ile ya mafuta mengi inayoshika ufizi kama gundi. Nikanunua kipakacha kizima, nikakaa nacho benchi, na refa alipoweka filimbi mdomoni, na mie nikaweka tonge langu.

Tulicheza na wasichana wa Madungu, wa Chake, na hao si watu wa kuchezewa. Warefu, wepesi, wamepangwa vizuri. Robo ya kwanza wasichana wangu walikuwa kama kuku waliotiwa maji. Wanageuka kunitazama, wanasubiri sauti, na mie nimevimba mashavu, namumunya, jasho linanitoka. Nilipoona Kibatari anaanza kuregea nilitia tonge la pili juu ya la kwanza.

Halafu katikati ya robo ya pili, Pakacha aliangusha mpira, na nikasikia sauti yangu. Sauti yangu kabisa, na mie mdomo umefungwa. "Pakacha, nani kakusuka mikono hiyo, mlevi?" Alikuwa Zuhura. Pakacha akamrudishia hapo hapo, "Tapika wali wa watu, Mke Mwenza." Na kutoka hapo wote wakafunguka. Wakawa wanaitana, wanakaripiana, majina yanaruka kabla ya mpira kama alivyotaka Mwalimu Asha, na mpira nao ukaanza kutembea. Refa akasimamisha mchezo. Akanitazama mie. Nikamfungulia mdomo kidogo aone kilichomo. Akatoa karatasi ya kanuni, akaisoma, akamwendea Bi Salha mezani. Bi Salha akamwonesha kwa kalamu: kocha. Imeandikwa kocha. Refa akarudi, akapuliza filimbi, na naapa mdomo wake ulicheza.

Tukawafikia. Robo ya mwisho tulikuwa nao bega kwa bega, goli kwa goli. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu uwanjani aliliona. Mpira ukifika kwa Mwanakombo, kelele zinakatika. Hakuna aliyekuwa na neno la kumwambia, kwa sababu hana jina. Anasimama chini ya pete katika kimya kile, anaupima mpira, anaushusha, anaupandisha, anapima tena. Mara nyingi unaingia. Lakini muda unaliwa.

Wakatupita kwa goli moja. Ngisi akaponyoka watu wawili akampa Mwanakombo mpira, muda uko ukingoni. Akasimama. Akapima. Akashusha. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshika mlingoti wa bendera, halua imenijaa mpaka puani, na jina lake likanijia. Lilinijia lote, zima, na njia ya kutokea hakuna. Akapandisha mpira. Akapima tena. Akarusha, na mpira ukazunguka juu ya pete, ukazunguka, ukatoka nje, na filimbi ya mwisho ikalia.

Madungu wakaruka juu. Mwanakombo akakaa chini pale pale. Watu wakamzunguka kumpa pole, shangazi yake, walimu, hata wasichana wa Madungu walikuja, watoto wa adabu. Pole mwanangu. Si kitu mwanangu. Na kila pole nilimwona anazidi kuinama.

Mie nilikuwa napigana na halua. Nilimeza, ikakwama, nikanywa maji, nikameza tena. Nikaenda kwa Bi Salha nikamwuliza kama mchezo umekwisha kweli kweli, kwa karatasi. Akasema umekwisha, Bi mkubwa. Nikapita katikati ya watu nikasimama mbele ya Mwanakombo na nikafungua bomba.

"Biriani wee. Unapewa mpira unakaa nao kama unapika biriani la harusi. Unaosha mchele, unakaanga vitunguu, unaonja chumvi, watu wana njaa huku. Pika chapati, Biriani. Geuza, toa. Geuza, toa. Ukinipikia tena biriani chini ya pete nitakuja na upawa nikuchote na sufuria lako."

Shangazi yake alikuwa ameshafungua mdomo kunijibu. Mwanakombo akainua kichwa. Macho yake mekundu, pua inatiririka. Akanitazama, kisha akatazama kidevu changu, na akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mezani kwa Bi Salha:

"Na halua je, Bibi? Yakorogwa kutwa nzima, na hukuitukana. Umeimeza, na nyengine iko kidevuni."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua Pakacha alinibeba. Najua wasichana walikuwa wanaimba "Biriani, Biriani" njia nzima kutoka uwanjani, tumefungwa na tunaimba, mpaka mtu mmoja dukani akauliza kikombe kiko wapi. Jioni ile kwenye chenji Mwanakombo alizungumza mpaka adhana ya Magharibi. Alikuwa na misimu mizima ya maneno amenilimbikizia. Kwa maneno tu, alinitoa nguo zote nikabaki na kanga.

Bi Salha alitimiza ahadi yake. Alituita makocha, tukabishana kutwa, mie na yeye zaidi, na kanuni ikaandikwa upya. Sehemu moja ni yangu, ingawa maneno yake wameyavalisha suti: kocha amkosoe mchezaji kwa kile anachoweza kukirekebisha, na mchezaji awe na nafasi ya kujibu. Sehemu nyingine ni yake, na ni bora kuliko yangu: kocha amtafute asiyecheka.

Mwanakombo alimaliza masomo akarudi kwao Fundo, na sasa ana timu yake ya watoto wa kike. Mwezi uliopita nilivuka kwenda kumtazama. Nilikaa pembeni juu ya ndoo, sikujitambulisha, na nilimsikia kabla ya kumwona. Sauti ile iliyokuwa haitoki, sasa inafika ng'ambo. Anaita majina, Kaa, Jamvi, Simu Mbovu, na watoto wanamrudishia bila woga, "Biriani, lako limeungua."

Kulikuwa na kitoto kimoja pembeni, kipya, hakicheki wala hakiiti mtu. Mwanakombo akasimamisha mazoezi. Akakiendea, akachutama, akakiuliza jambo ambalo mie katika miaka yangu yote sikuwahi kumwuliza mtu.

"Weye wataka nikwiteje?"

Kitoto kikafikiri. Kikamtazama juu mpaka chini.

"Mie sitaki jina," kikasema. "Nataka mpira."

Mwanakombo akampa mpira.